Beji ya Kuazima

Agripina mdogo wangu, najua huwa unalisoma daftari hili nikiwa kazini. Unakunja kona za kurasa, na mimi sikunji. Leo sitakugombeza. Nimeandika polepole makusudi ili usome vizuri, maana maneno mengi ya hapa si yangu, ni ya Shangazi Daforoza, na mwenyewe alisema tugawane.

Kwanza nikwambie aibu yangu, kwa sababu ndiyo iliyoyaleta.

Unajua tangu nimalize kidato cha nne nasubiri matokeo huku nikimsaidia Mama Tatu kwenye duka lake la dawa, pale karibu na stendi ya Kasulu. Mama Tatu ndiye mwenye cheti. Yeye anasoma karatasi za daktari na kusema itolewe dawa gani. Mimi nashusha maboksi, natia vidonge kwenye bahasha, naandika juu yake kutwa mara ngapi. Juzi juzi akatutengenezea beji mpya. Yangu imeandikwa SPESIOZA NIYONKURU kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Na wapo wanaozisoma wakiwa ng'ambo ya barabara: vijana wa bodaboda.

Siku ya kwanza tu wakaanza. "Spesho! Spesho, tuangalie basi!" Mwingine akadakia, "Niyonkuru, unauza dawa au umetoroka kambini?" Wakacheka wote. Wewe unanijua, mtu akiniita jina mbele za watu masikio yangu yanawaka moto. Kesho yake nikamdanganya Mama Tatu kwamba pini ya beji imekatika. Akasema, "Basi vaa ile ya Joyce mpaka tutengeneze." Joyce ndiye aliyekuwepo kabla yangu, ameolewa Kibondo, akaiacha beji yake ya zamani. Siku nne nikawa Joyce. Joyce haitwi Spesho. Joyce haulizwi habari za kambi ya wakimbizi.

Jumamosi Shangazi akaja kununua vidonge vyake vya presha. Akakitazama kifua changu, akanitazama usoni, akatoa pesa. Nilipompa bahasha yake akasema kwa upole kabisa, "Ahsante, Joyce," akaenda zake.

Yaani afadhali angenichapa.

Jana baada ya misa akaniita kwake nikamsaidie kupukuchua maharage. Tukapukuchua mpaka ungo wa kwanza ukajaa. Halafu akaanza, na kuanzia hapa namwacha aseme mwenyewe, kadiri nilivyoweza kushika.

"Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nikiifikiria mpaka leo nasikia baridi yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, ule wa huku kwetu unaomfanya mtu avae sweta mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimetoka Murungu, kule Kibondo, kuja hapa Kasulu kufanya kazi kwenye kituo kimoja cha afya ambacho siku hizi hakipo tena. Kazi yangu ilikuwa dirisha la mapokezi. Mgonjwa anafika, unamsalimia, unamuuliza jina, anatoka wapi, anasumbuliwa na nini, unamwandikia kadi. Usione ni kazi ndogo. Yule wa dirishani ndiye anayeamua nani aingie kwa daktari sasa hivi na nani akae kwenye benchi.

"Tulikuwa wawili, mimi na Neema. Neema alikuwa binti wa Singida, mcheshi, na tulipanga chumba kimoja. Leo mimi dirishani yeye kwenye mafaili, kesho tunageuza. Wote wawili tulikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Kosa moja kubwa, unafunga mzigo.

"Basi zikaja beji. Metroni wetu, mama wa Kilimanjaro asiyependa mchezo, akatuvalisha mmoja mmoja kama anayefunga watoto vifungo vya shati. Yangu ikasema DAFOROZA NDIKUMANA. Nilijiona, mwanangu! Nilipita mbele ya kioo mara mbili bila shughuli. Hata saa moja haijaisha, bwana mmoja wa koti akainama dirishani, akasoma taratibu, akaigeukia foleni. 'Jamani, wakimbizi wamefika mpaka dirishani. Kesho watatuandikia kadi za mgawo wa unga.' Foleni nzima ikacheka.

"Babu yako ndiye aliyevuka mpaka kuingia nchi hii, na alikuwa kijana. Mimi nimezaliwa Murungu, nimesoma Murungu, nimepalilia maharage ya Murungu. Karatasi zetu za uraia zilikuwa kwenye sanduku la bati la baba. Lakini utaenda kulifungua sanduku mbele ya foleni? Niliiandika kadi ya yule bwana, nikavumilia siku chache, na jioni moja nikamwambia Neema kwamba beji ile siivai tena.

"Neema alikuwa na beji mbili. Ya kwanza aliidhania imepotea, akapewa nyingine, baadaye akaikuta kwenye mfuko wa sketi. Akanirushia. 'Chukua, nakuazima jina langu. Ila usilichafue, shoga, ninalo hilo hilo moja.' Tukacheka sana usiku ule. Mwenzangu alikuwa anatania, na mimi nilikuwa namaanisha.

"Nikaivaa. Watu wakaniita Neema, nikaitika. Mwanzoni nilichelewa kidogo kuitika, baadaye nikazoea. Metroni alikuwa na kazi nyingi, na sweta langu lilifunika nusu ya herufi.

"Sasa nirudi kwenye asubuhi ile ya ukungu. Ratiba ya ubaoni ilisema Neema dirishani. Lakini jino lilikuwa linamsumbua, akaniomba tubadilishane. Hatukumwambia mtu.

"Akaja mzee mmoja kutoka Rungwe Mpya anasukuma baiskeli. Nyuma amemkalisha mkewe, amemfunga kwa kitenge asianguke. Alimshusha, akamkalisha kwenye benchi, akaja dirishani, akavua kofia. 'Mwakeye, mwana.' Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi kwa Kiha, na wewe unajua. Mdomo wangu ulitaka kuitika wenyewe. Lakini mimi si nilikuwa Neema? Neema wa Singida Kiha amekijulia wapi? Na nyuma ya yule mzee walikuwa wamesimama watumishi wawili wa ofisini, wamependeza. Nikasema, 'Mzee, mimi sielewi kilugha. Ongea Kiswahili.'

"Akanitazama. Akatazama tena. Akajaribu, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha bei na salamu. 'Mama… tumbo… tangu juzi.' Akakwama. Akarudi kwenye Kiha, akanieleza yote: kwamba anaharisha na kutapika tangu juzi, kwamba tangu jana hajapata hata haja ndogo, kwamba mikono imekuwa baridi na njiani alikuwa anaongea na dada yake aliyekwisha kufa. Nilielewa, mwanangu. Kila neno nililielewa. Na kwenye kadi nikaandika neno moja, TUMBO, nikamwonyesha benchi.

"Unajua kwa nini? Kwa sababu kama ningeandika yote aliyoyasema, wale wa nyuma wangejua kwamba nimeelewa."

Hapo Shangazi akachambua mawe kwenye maharage, wakati hayakuwa na mawe.

"Yule mama alipona," akasema. "Nakwambia mapema usije ukakaa roho mkononi. Lakini kabla ya mchana alianguka kutoka kwenye benchi. Manesi wakambeba mbio, wakamtundikia maji, na daktari akatoka na ile kadi mkononi anauliza kwa sauti, 'Nani kaandika TUMBO? Nani huyu?' Mimi nilikuwa nimeshaenda kujificha kwenye mafaili.

"Mchana akaja mpwa wa yule mzee, mwalimu wa shule, mtu anayejua kuandika barua. Mjomba wake akamnong'oneza, naye akapita dirishani, ambako nilikuwa nimesharudi, nimevua sweta, akajifanya anauliza njia, akanisoma kifuani. Barua ikaandikwa: mhudumu anayeitwa Neema amemdharau mzee na nusura amuue mgonjwa. Metroni akatazama ubao, ubao ukasema Neema. Barua, Neema. Akamwita Neema.

"Nilikuwa nyuma ya kabati, nasikia kila kitu. 'Ni wewe uliyekuwa dirishani?' Kimya. 'Neema, nakuuliza. Hili ni la kukufukuzisha kazi, unajua?' Halafu Neema akasema, 'Metroni, naomba unipe mpaka kesho asubuhi.'

"Siku ile hakuiomba kwa ajili yake. Aliiomba kwa ajili yangu.

"Chumbani nilimkuta anakunja nguo zake moja moja, anazitia kwenye begi. Ana wadogo wanne kwao wanaomtegemea. Aliniambia maneno machache tu: 'Mimi sitakutaja. Kama una mdomo, utajitaja.' Akageukia ukutani.

"Asubuhi nikaichukua beji yangu chini ya godoro, nikaivaa. Kabla ya kwenda kwa Metroni nikapitia wodini, kwa sababu niliona siwezi kusema ofisini jambo ambalo sijamwambia mwenyewe. Mama alikuwa ameketi, anakunywa uji. Mzee yuko pembeni yake kwenye kigoda. Nikapiga magoti. 'Mwakeye,' nikasema.

"Mzee akanitazama muda mrefu. 'Kumbe leo umekielewa.'

"Nikaanza kulia, nikaanza kueleza habari za beji na bwana wa koti. Akanikatiza. Sikiliza maneno yake, Spesioza, maana haya ndiyo nimekuitia. Alisema: 'Mtoto, mimi nilikujua pale pale. Ulisema hujui Kiha kwa sauti ya mtu wa huku. Nikajiambia, huyu ni wetu, ana sababu zake za kunyamaza mbele za watu, lakini amesikia, hawezi kumwacha mama yake kwenye benchi. Ndiyo maana nilikaa nikangoja. Ningejua wewe ni mgeni kweli, ningepiga kelele, ningemwingiza kwa daktari kwa nguvu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuamini.'

"Yewe! Afadhali angenitukana. Matusi ya bwana wa koti niliyabeba wiki nzima, nikaona ni mzigo. Hayo ya mzee nimeyabeba mpaka leo.

"Akauliza, 'Umezaliwa na nani?' Nikasema, 'Ndikumana wa Murungu.' 'Mwenye mizinga ya nyuki?' 'Ndiye.' Akaitikia kwa kichwa. 'Asali yake nimeinunua. Haikuwa na maji ndani.' Kisha akasema, 'Na huyo binti ambaye mpwa wangu ameandika jina lake, yeye amekosa nini?' Nikasema, hana kosa. 'Basi magoti hayo usinipigie mimi. Nyanyuka, nenda kamtoe mwenzio.'

"Nikaenda. Neema alikuwa tayari mlangoni kwa Metroni, begi miguuni. Nikapita mbele yake nikaingia kwanza. Nilisema yote, hata la kuelewa Kiha, ambalo hakuna aliyekuwa analijua. Metroni akanisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha kidole kwenye beji. 'Kwa nini leo ndiyo umeivaa?' Nikasema, 'Kwa sababu leo nimekuja kusema nilichofanya mimi.' Hakutabasamu. Neema akapewa barua ya onyo kwa kubadilisha zamu bila ruhusa, akabaki na kazi yake. Mimi nikatolewa dirishani. 'Miezi sita utadeki wodi na kumwaga bakuli za wagonjwa,' akasema Metroni. 'Na hiyo beji utaivaa kila siku ya Mungu. Nikikukuta huna, usirudi kubishana, nenda stendi upande gari la Kibondo.'

"Kitanda cha kwanza kutandika kilikuwa cha yule mama. Hakujua kusoma. Akagusa beji kwa kidole, akauliza imeandikwa nini, nikamwambia. Akalirudia jina kama anayelionja. Alipopona akaenda nalo Rungwe Mpya. Haukupita muda nikawa nadeki nasikia mlangoni, 'Daforoza yuko wapi? Tumeambiwa tumuulize Daforoza.' Mama na mtoto mgongoni, babu na mguu umevimba, watu wasiokijua Kiswahili cha dirishani. Daktari mwenyewe akawa ananiita nimtafsirie, fagio mkononi. Miezi sita ilipoisha Metroni akanirudisha dirishani, nami sikutoka pale mpaka kituo kilipofungwa.

"Na Neema? Ile beji ya kuazima aliivunja vipande viwili mbele yangu, akaitupa kwenye shimo la taka. Hatukusemezana karibu mwezi. Siku moja napiga deki akaja na muhindi wa kuchoma, akaukata katikati, akanipa kipande. 'Daforoza, kula, utapoa.' Basi. Lakini aliniita kwa jina langu, nikajua tumeanza upya."

Ungo wa pili ulikuwa umejaa. Nikapata ujasiri kidogo, nikauliza, "Lakini Shangazi, wale vijana wa bodaboda nitawafanyaje? Wataniita tena."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kwani unadhani yule bwana wa koti hakurudi? Alirudi! Aliugua kama watu wengine. Nilimuuliza, 'Karibu, unasumbuliwa na nini?' Akasahau utani wote, akanionyesha mgongo. Mwanangu, mtu akikuita jina lako kwa dhihaka, muulize anahitaji nini. Kama anahitaji kitu, mhudumie. Kama hana shida, mwite anayefuata."

Kisha akayasema yale aliyotaka tugawane, Agripina, kwa hiyo hapa usirukeruke mistari.

"Kuona haya si kosa, mimi mwenyewe bado naona haya. Kosa ni kumfanya mtu mwingine alipie haya zako. Ukivaa jina la Joyce, siku utakayokosea kuandika bahasha, watu watamtafuta Joyce, naye yuko Kibondo ananyonyesha. Na siku utakayomsaidia mtu, atamshukuru Joyce, nawe utabaki huna kitu. Mgonjwa anapokusoma kifuani hasomi ukoo wako ulitoka wapi. Anataka kujua arudi kwa nani. Mpe. Na mtu akija dirishani kwako akakusalimu kwa lugha ya nyumbani, itika, hata kama nyuma yake amesimama mkuu wa wilaya."

Leo asubuhi nimepita kwake kabla ya kazi. Ameibandika beji yangu kwa mikono yake, akainyoosha, akaweka kiganja juu yake, akaniombea. Dukani nikamwambia Mama Tatu ukweli kwamba pini haikukatika. Akaendelea kufuta kaunta. "Najua," akasema. "Pini zenyewe za chuma. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Saa nne hivi mmoja wa vijana wa bodaboda akaanza. Shabani, yule mwenye helmeti nyekundu. "Spesho! Niyonkuru! Umerudi mama?" Masikio yakawaka, sikudanganyi. Miguu ikataka kwenda stoo. Nikasema, na sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka, "Karibu. Unahitaji nini?"

Wenzake wakamgeukia. Akakuna shingo. Akavuka barabara, akavua helmeti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni. "Ni ya mama," akasema taratibu. "Kikohozi. Nimekaa nayo tangu jana, sikujua nianzeje." Mama Tatu akaisoma, akaniambia dawa. Nikamweleza Shabani kwa Kiha, maana alisema mamake atamuuliza kwa Kiha: asubuhi, mchana, jioni, baada ya kula. Chini kwenye bahasha nikaandika jina langu lote.

"La nini hilo?" akauliza.

"Asipopata nafuu, uje uniulizie mimi."

Akalisoma, lote, bila kulikatisha. "Haya, Spesioza," akasema, akavaa helmeti yake.

Dua ya Shangazi naiandika hapa mwisho. Ameniombea mimi, lakini alisema kuna mwingine anayekunja kona za kurasa naye ana fungu lake, kwa hiyo usijifanye hujasoma: Mungu akupe kazi ambayo hutaona haya kuisainia. Akupe ulimi unaoitika unaposalimiwa. Wanaokucheka leo wakikuhitaji kesho, wakukute mahali pako, na jina lako kifuani. Amina, mwanangu, na mdogo wako pia.